Duka limeungua, tusibebe kipande cha moto

 



Wiki hii tuzungumze jambo ambalo kwa nje linaonekana la wanasheria na watu wa maofisini, lakini kwa ndani ni jambo la halali na haramu. Linamgusa kila Muislamu mwenye duka, lori, daladala, karakana au mzigo ulioko njiani kuja bandarini. Nalo ni ugomvi baina ya mfanyabiashara na kampuni ya bima pale hasara inapotokea, pamoja na kesi zinazofuata.

Baada ya darsa moja, baina ya Magharibi na Isha, mzee mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alibaki msikitini watu walipotawanyika. Siku hiyo tulikuwa tumesoma juu ya amana. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kitambo. Halafu akaniambia: "Ustadh, mimi nina moto mara mbili. Mmoja umeshazimwa, mwingine bado."

Kwa idhini yake ninasimulia bila kumtaja. Duka lake la vitenge na mashuka liliungua usiku pamoja na stoo mbili. Bima ya moto alikuwa nayo, ya shilingi milioni 60. Mali iliyoungua, kwa hesabu yake ya kweli, ilikuwa ya milioni 42. Lakini kwenye fomu ya madai aliandika milioni 60, kwa kuwa wenzake sokoni walimwambia: "Wewe andika zote, hawa hawalipi unachoandika, lazima watakata." Kampuni ikakataa kulipa hata senti moja, ikidai kuwa nusu ya mali ilikuwa katika stoo ya pili, jirani na chumba cha magodoro, na stoo hiyo haimo katika mkataba. Mzee anasema wakala wa kampuni aliiona stoo hiyo kwa macho yake, akanywa chai ndani yake, na akachukua ada ya mwaka bila kusema neno.

Sasa wakili wake amemwambia kesi ina nguvu na inaweza kushinda. Ila kuhusu zile milioni 18 za nyongeza amemwonya: ulichokwisha kuandika usikiguse, ukikibadilisha sasa umejimaliza mwenyewe. Mzee akaniuliza swali ambalo ndilo mzizi wa makala hii: "Ustadh, jaji akinipa zote, si mahakama ndiyo iliyonipa? Si zinakuwa halali yangu?"

HUKUMU HAIGEUZI HARAMU KUWA HALALI

Ndugu zangu, swali hili limekwisha jibiwa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) amepokea, kama walivyonakili Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alisikia kelele za watu wanaogombana mlangoni mwa chumba chake, akawatokea. Akawabainishia kuwa yeye ni mwanadamu, na kwamba wagombanao humjia, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenziwe, naye akadhani ni mkweli na akamhukumia kwa yale aliyoyasikia. Basi yeyote aliyehukumiwa kupewa haki ya mwingine, ajue kuwa alichokatiwa ni kipande cha Moto. Akitaka akichukue, akitaka akiache.

Hebu tuzingatie. Anayezungumza ni Mtume wa Allah (S.A.W.), mwadilifu kuliko mahakimu wote waliopata kukaa juu ya ardhi. Ikiwa hukumu yake yeye haiwezi kumhalalishia mtu mali isiyokuwa yake, vipi hukumu ya jaji wetu wa leo, ambaye anategemea nyaraka tulizompelekea na ushahidi tuliouandaa? Wanachuoni wamesema kwa kauli moja kuwa katika mambo ya mali, hukumu ya kadhi hukata ugomvi wa dhahiri tu, haigeuzi undani wa jambo mbele ya Allah (S.W.).

Na Qur'an imelitaja jambo hili waziwazi. Katika Suratul Baqarah, aya ya 188, Allah (S.W.) ametukataza kulana mali zetu kwa batili na kuzifikisha kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu kwa dhambi, hali ya kuwa tunajua. Angalieni sharti la mwisho: hali ya kuwa tunajua. Mtu aliyekosea hesabu kwa kusahau si sawa na aliyeketi usiku na kalamu akaongeza marobota ambayo hayakuwapo. Mzee wetu alikuwa anajua, ndiyo maana usingizi ulimkimbia.

Wapo wanaojitetea kwa kusema: "Kampuni zenyewe ni za watu wasiokuwa Waislamu, na pesa wanazo tele." Hoja hii ni dhaifu, nasi tutaona chini jinsi Qur'an ilivyoivunja.

JE, BIMA YENYEWE INAJUZU?

Najua kuna msomaji atakayeuliza: mbona Ustadh anazungumzia fidia ya bima kabla ya kutuambia hukmu ya bima yenyewe? Ana haki ya kuuliza.

Suala hili si geni kwa wanachuoni. Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya wafanyabiashara wa zama zake waliokuwa wakilipa fedha ili mizigo yao ikipotea baharini walipwe. Akasema si halali kwa mfanyabiashara kuichukua fidia hiyo. Karne moja na nusu baadaye, Desemba 1985, Baraza la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah na kuamua kuwa bima ya kibiashara, yenye ada maalumu inayolipwa kwa kampuni, ina gharar kubwa, yaani kutojulikana kunakoharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Baraza likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Wapo wanachuoni waliotofautiana na rai hiyo. Mashuhuri zaidi ni Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, aliyeona kuwa bima kwa asili yake inajuzu, mradi isiingizwe riba.

Pamoja na hitilafu hiyo, mfanyabiashara wa leo hukutana na bima hata kama hakuitafuta. Gari haliruhusiwi kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Benki haitoi fedha za kununulia mzigo mpaka mzigo huo ukatiwe bima. Mwenye kulazimishwa ana udhuru wake, na aende kwa mwanachuoni anayemwamini aulize kiasi gani cha fidia anaweza kukichukua. Ninalotaka kulisema hapa ni jingine: hakuna mwanachuoni yeyote, wa upande huu au ule, aliyesema kuwa ukiingia katika bima basi uongo umehalalika. Anayedhani kuwa kwa sababu mkataba una shubha ndiyo aruhusiwe na kuiba ndani yake, ameongeza dhambi juu ya shubha.

Tena tukumbuke kwa nini Uislamu umekataza gharar. Katika Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar. Wanachuoni wakaeleza kuwa moja ya hekima zake ni kufunga mlango wa ugomvi. Mtu haelewi alichonunua, muuzaji haelewi alichouza, mwisho wanakutana mahakamani. Anayetaka kuiona hekima hiyo na azitazame kesi za bima.

UGOMVI HUANZIA WAPI?

Watu wengi wanadhani ugomvi wa bima huanza siku ya moto. Si kweli. Huanza siku ya kujaza fomu, miezi au miaka kabla, pale mtu anapotia saini karatasi ambayo hajaisoma. Tutaje milango michache ambayo madai ya wafanyabiashara hukwamia.

Kwanza, kuficha. Unaulizwa: jengo lina nini jirani? Umewahi kuunguliwa? Umewahi kukataliwa na kampuni nyingine? Mtu anajibu la kumpendeza wakala ili ada iwe ndogo. Sheria ya bima inataka ukweli wa hali ya juu kuliko mikataba mingine, kwa sababu kampuni haiyajui mambo yako isipokuwa kwa mdomo wako. Kanuni hiyo, ambayo sisi tumeirithi kutoka Uingereza, ilielezwa mwaka 1766 na Jaji Mansfield katika kesi ya ngome moja ya Waingereza huko Sumatra iliyokatiwa bima na kisha kutekwa na Wafaransa. Jaji alisema wajibu wa kusema kweli uko juu ya pande zote mbili, na katika kesi hiyo mtoa bima hakushinda. Aliyeshinda ni aliyekata bima. Ndugu zangu, sisi hatukuhitaji kumsubiri jaji wa Kiingereza. Mtume (S.A.W.) alipita kwa muuza chakula, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akasema mwenye kudanganya si katika sisi. Fomu ya bima nayo ni lundo la chakula. Je, kilicholoa tumekiweka juu au chini?

Pili, kubadilisha hali bila kutoa taarifa. Bima imekatwa kwa ajili ya duka la nguo, baada ya miezi sita duka linauza rangi na tina. Mali imehamishiwa stoo nyingine. Gari la familia limeanza kubeba abiria kwa nauli. Huu ndio mlango aliokwamia mzee wetu.

Tatu, kukata bima pungufu ili kupunguza ada. Wengi hawajui hesabu yake. Chukua mfano wa mali ya shilingi milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 40. Ikitokea hasara ya milioni 50, mfanyabiashara anategemea kulipwa milioni 40. Lakini mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu kinachosema kuwa uliyekatia bima sehemu, utalipwa kwa sehemu hiyo hiyo. Umekatia asilimia 40, basi utapata asilimia 40 ya hasara yako, yaani milioni 20. Hapo mtu hulia kuwa amedhulumiwa, kumbe alisaini.

Nne, kuchelewa kutoa taarifa ya hasara, na kutokuwa na vitabu vya mauzo. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na soko la Karume, Ilala, likafuata Januari 2022. Ukikuta daftari la hesabu lilikuwa ndani ya duka lile lile lililoungua, utathibitishaje mali yako? Allah (S.W.) ameteremsha aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, kwa ajili ya kutufundisha kuandika na kushuhudisha. Sisi tunaisoma katika hitma, na dukani hatuna risiti.

Tano, kuongeza madai. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kuwa dai likiwa na udanganyifu wowote, haki yote inapotea. Mtu aliyepata hasara ya kweli ya milioni 42 anaweza kuzipoteza zote kwa sababu ya milioni 18 za uongo. Ndivyo haramu ilivyo, ikiingia katika halali huondoka nayo.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya Kariakoo pekee. Majengo mawili marefu ya New York yaliposhambuliwa Septemba 11, 2001, mpangaji wake mkuu na kampuni za bima waligombana kwa miaka juu ya neno moja: je, ndege mbili ni tukio moja au matukio mawili? Bima ilikuwa ya zaidi ya dola bilioni 3.5 kwa kila tukio. Mkataba kamili ulikuwa haujakamilika kuandikwa siku ya shambulio, na kampuni mbalimbali zilikuwa na karatasi zenye maneno tofauti. Mwaka 2004 jopo moja la wazee wa baraza likaona kwa kampuni nyingi kuwa ni tukio moja, na jopo jingine mwaka huo huo likaona kwa kampuni tisa kuwa ni mawili. Ugomvi ukamalizwa kwa suluhu mwaka 2007. Na huko Uingereza, biashara ndogo ndogo zilizofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona zilikataliwa fidia ya kusimama kwa biashara, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipotoa hukumu Januari 15, 2021, ambayo kwa sehemu kubwa iliwapa haki wenye biashara. Mabilioni yote hayo yalitegemea maana ya maneno ambayo watu waliyasaini bila kuyatafakari.

KAMPUNI NAZO ZIMUOGOPE ALLAH

Tusije tukamsema mfanyabiashara peke yake tukawa tumedhulumu. Wako Waislamu wengi walioajiriwa katika kampuni za bima: mawakala, maofisa wa madai, wathamini wa hasara. Nao wana mizani yao.

Kuna wakala anayemwambia mteja "wewe saini hapa, mengine nitajaza mwenyewe." Akajaza anavyojua, na siku ya hasara kampuni inamshika mteja kwa majibu ambayo hakuyatoa. Kuna masharti yanayoandikwa kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza cha wanasheria, akapewa mama anayeuza vyombo ambaye lugha yake ni Kiswahili. Kuna kampuni inayopokea ada mwaka baada ya mwaka bila kukagua chochote, na siku ya hasara ndiyo inapata macho ya kuona kila dosari. Na kuna inayojua kabisa kuwa mteja ana haki, lakini inamzungusha: leo lete hiki, kesho lete kile, mpaka achoke, akubali robo ya haki yake kwa sababu watoto wanadaiwa karo. Mtume (S.A.W.) amesema, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa mwenye uwezo anapochelewesha kulipa anachodaiwa, hiyo ni dhulma. Na Suratul Maidah inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Amri hiyo haikumhusu mwenye duka tu.

Ewe ndugu yangu ofisa wa madai, usiseme "mimi ni mwajiriwa tu." Saini ni ya mkono wako, na mkono huo utazungumza siku ambayo midomo itafungwa.

WAKILI ANASIMAMA WAPI?

Uwakili ni kazi ya heshima, na kumtetea mwenye haki asiyejua kujieleza ni ibada. Lakini tuisome Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kuwa mtu mmoja wa Madina aliiba deraa. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) wakamtetea kwa maneno mazuri, na lawama ikatupiwa mtu asiyehusika, katika mapokezi mashuhuri, aliyesingiziwa alikuwa Myahudi. Allah (S.W.) akateremsha aya za kumsafisha asiyekuwa na hatia, akamkataza Mtume wake asiwe mtetezi wa wahaini, na katika aya ya 109 akawauliza wale waliotetea: mmewatetea hapa duniani, ni nani atakayewatetea mbele ya Allah Siku ya Kiyama?

Hapo ndipo ile hoja ya "kampuni si ya Waislamu" inapovunjika. Qur'an ilimtoa lawamani asiyekuwa Muislamu, dhidi ya mtu aliyejionesha kuwa ni Muislamu, kwa sababu haki haiulizi dini ya mwenyewe.

Na katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud, anayegombania batili naye anajua, hubaki katika hasira za Allah mpaka aache. Basi wakili Muislamu amtetee mteja wake katika haki yake mpaka tone la mwisho. Abishane juu ya maana ya kifungu, aulize maswali, adai nyaraka, akate rufaa. Yote hayo ni haki. Lakini akijua kuwa orodha ni ya uongo, asiipeleke mahakamani. Hali kadhalika wakili wa kampuni: akijua kuwa wakala aliiona ile stoo, asimfundishe wakala kusema hakuiona.

SULUHU KABLA YA KESI

Ndugu Waislamu, mahakama iko mbali na ina gharama. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambako mteja anaweza kupeleka malalamiko yake, na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wengi wetu hatuvijui vyombo hivi, tunakimbilia kesi au tunakata tamaa na kuacha haki yetu. Kabla ya hapo, andika barua, omba ujibiwe kwa maandishi ni kifungu gani kilichokunyima, na uhifadhi kila karatasi.

Na tuwe na moyo wa suluhu. Ka'ab bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad (r.a.) deni lake ndani ya msikiti, sauti zikapanda mpaka Mtume (S.A.W.) akazisikia akiwa chumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Ka'ab apunguze nusu. Ka'ab akakubali. Hapo hapo akamwambia mwenye kudaiwa ainuke akalipe. Tazameni hekima: huyu apunguze, na yule alipe sasa, si kesho. Suluhu ya siku hizi mara nyingi ina nusu ya kwanza tu. Mnyonge anapunguza, na mwenye nguvu bado halipi.

TAKAFUL SI DAWA YA UONGO

Mwisho, tuangalie njia mbadala. Katika takaful washiriki huchanga katika mfuko kwa nia ya kusaidiana, na mwendeshaji hulipwa ujira wa kuusimamia. Mfano wake unapatikana kwa Ash'ariyyina, watu wa kabila la Abu Musa (r.a.). Chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu. Sudan ilikuwa na kampuni ya bima ya Kiislamu tangu mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984, na Kenya kampuni ya takaful ikaanza kazi mwaka 2011. Nasi Tanzania mlango umeanza kufunguka.

Ni jambo la kushukuru, na wenye uwezo walihimize. Lakini tusidanganyike kuwa jina la Kiarabu litatutoa katika ugomvi. Takaful nayo ina fomu, ina masharti, ina wathamini. Na anayeongeza milioni 18 katika dai la takaful haibii kampuni tena. Anawaibia wenzake waliochanga, pengine yule anayesimama naye safu moja katika Swala ya Ijumaa. Tusipojirekebisha ulimi, tutahamisha uongo wetu kutoka jengo moja kwenda jengo lingine.

NILILOMJIBU MZEE

Nilimwambia hivi: "Mzee wangu, haki yako ya milioni 42 idai, na kama wakala aliiona stoo, simama useme hivyo bila kuogopa. Mtu kudai haki yake si dhambi. Lakini zile 18 zitoe kwa mkono wako kabla hujaingia mahakamani, maana ukizitoa leo unarekebisha, na ukiziacha unaapa juu yake."

Akaniuliza: "Na nikizitoa, wakatumia barua yangu kuninyima zote?"

Ndugu zangu, sikumficha. Nilimwambia inawezekana. Nilimwambia atafute wakili atakayemwandikia barua hiyo kwa busara, lakini sikuweza kumdhaminia kuwa ukweli utamlipa hapa duniani. Nikamkumbusha sehemu ya ile Hadithi ya Ummu Salama kama ilivyo kwa Abu Daud: watu wawili walikuwa wakigombania mirathi bila ushahidi, na walipoyasikia maneno ya kipande cha Moto, wote wawili walilia, na kila mmoja akasema haki yangu nampa mwenzangu. Mtume (S.A.W.) hakuwaacha hivyo. Aliwaambia wagawane, watafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe.

Baada ya wiki kadhaa alinijia tena. Barua ameipeleka. Kampuni bado haijalipa, na mawakili wake wameishika barua hiyo kama walivyohofia. Kesi inaendelea, na sijui mwisho wake. Aliniambia jambo moja tu: "Ustadh, sasa nikiitwa niape, nitaapa."

Basi tujiulize kila mmoja wetu, mwenye duka, wakala, ofisa wa madai na wakili: karatasi niliyoitia saini wiki hii, naweza kuiapia mbele ya Allah (S.W.)?

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Wafidie ndugu zetu waliounguliwa, wawekee baraka katika kilichobaki, na utuepushe na Moto ambao hauna bima. Amin.

Wabillahi tawfiq.